UTUNZAJI WA MBOLEA KATIKA MAGHALA YA VYAMA, NA LA KUFANYA MFUKO UKICHANIKA

Mbolea ya viwandani ni miongoni mwa pembejeo zenye thamani kubwa zinazopita katika maghala ya vyama vya msingi. Hununuliwa kwa fedha za wanachama, au kwa mkopo ambao wanachama wataulipa kwa mazao yao. Husafirishwa mamia ya kilomita kutoka bandarini. Na huhitajika shambani katika majuma machache tu ya mwaka. Pamoja na hayo, mara nyingi hutunzwa kwa uangalifu mdogo kuliko mahindi au kahawa, kwa imani kwamba kitu kisicholiwa na panya wala kutobolewa na wadudu hakiwezi kuharibika ghalani. Imani hiyo si sahihi. Adui mkubwa wa mbolea ni maji, na mlango anaopitia adui huyo ni mfuko uliochanika.

Makala haya yanaeleza kwa nini mbolea huharibika ikiwa ghalani, namna ya kuipokea na kuipanga, na hatua zinazopasa kuchukuliwa na mtunza ghala, meneja na bodi ya chama pale mfuko unapopatikana umechanika au umelowa.

Kwa nini mbolea huvuta maji

Hewa daima ina maji ndani yake, ingawa hayaonekani kwa macho. Kiasi cha maji hayo hupimwa kwa asilimia: hewa iliyoshiba maji kabisa huhesabiwa kuwa 100. Mbolea ni aina ya chumvi, na kila chumvi ina kiwango chake cha unyevu wa hewa ambacho kikipitwa, huanza kunyonya maji. Katika joto la sentigredi 30, viwango hivyo ni kama ifuatavyo: nitreti ya amonia, ambayo ndiyo asili ya mbolea ya CAN, huanza kuvuta maji unyevu wa hewa ukipita asilimia 59 hivi, urea, asilimia 73 hivi, salfeti ya amonia (SA), asilimia 79, DAP, asilimia 82 hivi, na kloridi ya potasi, asilimia 84.

Hesabu hizi zina maana kubwa kwa vyama vya Nyanda za Juu Kusini. Katika mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mbolea ya kupandia, aghalabu DAP, hupokewa kabla ya mvua na kugawiwa mara moja. Mbolea ya kukuzia, yaani urea na CAN, hungoja ghalani mpaka mahindi yafike magotini, wakati ambapo mvua zimeshika na hewa imejaa maji usiku na mchana. Kwa hiyo mbolea zinazovuta maji upesi zaidi ndizo zinazokaa ghalani katika miezi iliyo mibaya zaidi kwake.

Ndiyo sababu mbolea hufungwa katika mifuko miwili: wa nje uliofumwa kwa nyuzi za plastiki, ambao hubeba uzito na kustahimili misukosuko ya safari, na wa ndani wa plastiki nyembamba, ambao huzuia hewa na maji. Mfuko wa ndani ukiwa mzima na mdomo wake umefungwa vizuri, mbolea huweza kukaa miezi mingi bila madhara. Mfuko huo ukitobolewa, hata kwa tundu la ndoano ya mchukuzi, kazi yake imekwisha mahali hapo.

Hatua tatu za uharibifu

Watunza ghala wengi hawatofautishi mbolea iliyoganda na mbolea iliyoharibika, na kutokana na hilo hutupa mali iliyo nzima au huuza mali iliyopungua. Yafaa hatua za uharibifu zijulikane.

Hatua ya kwanza ni kuganda. Uso wa kila chembe ya mbolea hulainika kwa unyevu kidogo. Hewa ikikauka, uso huo huwa chumvi ngumu tena na kuziunganisha chembe zilizogusana. Uzito wa mifuko iliyo juu huzidisha hali hiyo, na ndiyo maana mifuko ya chini katika mrundo ndiyo hugeuka mawe kwanza. Mbolea iliyoganda ikiwa kavu haijapoteza kirutubisho chake. Ikipondwa taratibu na kuchekechwa, itafaa shambani kama kawaida. Isipopondwa, mkulima hawezi kuipima kwa kifuniko cha chupa wala kijiko, na mashina mengine yatapata bonge zima huku mengine yakikosa.

Hatua ya pili ni kulowa. Chembe hung'aa, hushikana mkononi, na mfuko huwa mzito chini kuliko juu. Hapa mizani hudanganya. Mfuko wa urea ulionyonya maji waweza kuonyesha kilo 50 kamili, lakini ndani yake kilo kadhaa ni maji. Urea kavu ina naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23 katika mfuko mmoja. Mwanachama anayepewa mfuko uliolowa hulipia kilo 23 naye hakuzipata.

Hatua ya tatu ni kuyeyuka na kuvuja. Maji ya mbolea hutoka chini ya mfuko, husambaa sakafuni, huingia katika mifuko mingine, na hula saruji, mabati na vyuma vya mizani. Mali iliyofika hatua hii imepotea, na isipotengwa itaendelea kuharibu iliyo jirani nayo.

Kupokea mzigo

Hasara nyingi za mbolea ghalani huwa zimeanza kabla mzigo haujafika ghalani. Tangu bandarini Dar es Salaam hadi kwenye chama cha msingi, mfuko hushikwa na mikono mingi: hupakiwa garini au katika behewa, hupakuliwa katika ghala kuu, hupakiwa tena na kupakuliwa tena. Kila mara ni nafasi ya kuburutwa, kutupwa, kuchomwa ndoano, au kukwaruzwa na msumari wa bodi la lori. Mifuko iliyoachwa juani kwa majuma mengi hupata udhaifu mwingine: nyuzi zake huchakaa kwa mwanga wa jua na kukatika zinaposhikwa, ijapokuwa kwa macho mfuko huonekana mzima.

Kwa hiyo saa ya kupokea mzigo ndiyo saa muhimu kuliko zote. Kabla ya lori kupakuliwa, turubai lifunuliwe na hali ya mzigo iangaliwe mbele ya dereva. Mifuko ihesabiwe inaposhuka, na kila mfuko uliochanika, uliolowa au uliofungwa upya uwekwe kando. Mifuko hiyo ipimwe mmoja mmoja. Katika ile inayoonekana mizima, michache ichaguliwe bila mpango na ipimwe pia, kwa kukumbuka kwamba uzito wa mfuko mtupu hauingii katika kilo 50 zilizolipiwa.

Matokeo yaandikwe juu ya hati ya kupokelea mzigo, kabla ya kutia sahihi: idadi ya mifuko mizima, idadi ya iliyochanika na upungufu wake kwa kilo, idadi ya iliyolowa, tarehe, namba ya gari, na sahihi za dereva na mpokeaji. Nakala moja ibaki chamani. Sahihi iliyowekwa bila maelezo yoyote husema kwamba mzigo ulifika kamili na katika hali njema. Chama kikigundua upungufu siku ya pili, sahihi hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wa kwanza dhidi yake.

Dereva akiwa na haraka, au jioni ikiwa imeingia, kishawishi cha kutia sahihi kwanza na kuhesabu baadaye huwa kikubwa. Kishawishi hicho kikataliwe. Mpokeaji hatii sahihi kwa niaba yake mwenyewe; hutia kwa niaba ya wanachama wote.

Kupanga mifuko ghalani

Ghala lenyewe likaguliwe kabla ya mzigo kufika. Paa lisivuje, sakafu iwe kavu na imefagiwa, misumari na vyuma vilivyochomoza viondolewe. Kisha yafuatwe haya:

1. Mifuko isiwekwe chini sakafuni. Iwekwe juu ya chaga za mbao zisizo na misumari wazi, au, chaga zikikosekana, juu ya karatasi nene ya plastiki iliyotandazwa kwanza. Saruji hupitisha unyevu wa ardhi hata kama juu yake huonekana kavu.

2. Mrundo uachane na ukuta kwa nafasi ya mtu kupita, ili ukaguzi na ufagiaji uwezekane pande zote.

3. Mifuko ipishane kama matofali ya ukuta, midomo ikielekea ndani. Mrundo wa mikono usizidi mifuko 10 kwenda juu. Mrundo mrefu huiponda mifuko ya chini, na ukianguka huumiza watu.

4. Kila aina ya mbolea iwe na mrundo wake, pamoja na kadi yake inayoonyesha aina, tarehe ya kuingia na idadi.

5. Mrundo ufunikwe kwa turubai au karatasi ya plastiki pande zote, hasa wakati wa mvua.

6. Mzigo uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka.

7. Ndoano zisitumike kabisa. Mfuko ubebwe na watu wawili au mabegani, usiburutwe.

Jambo moja lapasa kusisitizwa kwa kuwa ni kinyume cha mazoea. Mtunza ghala aliyezoea kahawa au mahindi hufungua madirisha ili hewa ipite, kwa sababu mazao hayo yana unyevu wake ambao lazima utoke. Mbolea ni kavu tangu ilipotoka kiwandani; haina cha kutoa, ina cha kupokea tu. Kwa hiyo wakati wa mvua, usiku na asubuhi ya ukungu, milango na madirisha ya ghala la mbolea yafungwe. Yafunguliwe mchana jua linapowaka na hewa imekauka, au pale watu wanapofanya kazi ndani.

Aina zisizopaswa kukutana

Urea na CAN hazipatani. Kila moja peke yake hustahimili unyevu kwa kiwango chake, lakini nitreti ya amonia na urea zikichanganyika huanza kuvuta maji hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 18 tu, kiasi ambacho hata siku kavu ya kiangazi ni shida kukikosa. Mchanganyiko huo hugeuka tope kwa muda mfupi. Basi mirundo ya aina hizi mbili itenganishwe, na ikiwezekana mrundo wa aina nyingine uwekwe kati yake. Ufagio na sepetu vitumike kwa aina moja, visafishwe, ndipo vitumike kwa nyingine.

Vivyo hivyo, mbolea zenye amonia kama SA na DAP zisikae pamoja na chokaa, saruji au majivu. Zikigusana penye unyevu, amonia hutoka kama hewa yenye harufu kali inayochoma macho. Harufu hiyo ni naitrojeni ya mwanachama inayotoka dirishani. Mbegu nazo zisihifadhiwe katika mrundo mmoja na mbolea, wala dawa za kuua wadudu zisiwekwe juu yake.

Mfuko ukichanika

Mifuko iliyopatikana na kasoro igawanywe katika mafungu matatu, na kila fungu lishughulikiwe kwa namna yake.

Fungu la kwanza ni mifuko iliyochanika nje, wa ndani ukiwa mzima. Hii haina hasara bado. Ivishwe mfuko mwingine wa nje au ishonwe kwa uangalifu sindano isifike ndani, kisha iwe ya kwanza kutolewa.

Fungu la pili ni mifuko iliyochanika yote miwili, mbolea ikiwa kavu. Hii ihamishiwe katika mifuko mizima siku hiyo hiyo, mbele ya meneja au mjumbe wa bodi, na ipimwe. Kila mfuko uandikwe aina ya mbolea, uzito halisi na tarehe. Maandishi ya mfuko wa zamani, pamoja na lebo yoyote iliyokuwa nao, yahifadhiwe pamoja na mfuko mpya, kwa maana mbolea isiyo na jina ni hatari: urea hufanana na chumvi, na mkulima hawezi kukadiria kipimo cha kitu asichokijua. Kwa sababu hiyo inafaa chama kiombe mifuko mitupu ya akiba pamoja na kila mzigo.

Fungu la tatu ni mifuko iliyolowa. Itengwe mbali na mrundo, ikiwezekana katika chumba cha peke yake. Isichanganywe na mbolea kavu hata kidogo, wala isitolewe kama mifuko kamili. Chama kimwarifu mwuzaji na Chama Kikuu kwa maandishi, na kipate maelekezo ya mkaguzi wa mbolea kabla ya kuigawa kwa namna yoyote. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, ndiyo yenye jukumu la kusimamia ubora wa mbolea nchini.

Mbolea iliyomwagika sakafuni ifagiliwe mara moja. Ikiwa ni safi na kavu, ifungwe na kupimwa peke yake. Ikiwa imechanganyika na vumbi au aina nyingine, isirudishwe katika mfuko wowote wa kuuzwa.

Hapa lazima litajwe kosa linalofanyika kwa nia njema. Mtunza ghala anayeogopa kuonekana na upungufu huchota kilo moja huku na kilo mbili kule kutoka katika mifuko mizima, akajazia iliyopungua ili hesabu ilingane. Hesabu ya mifuko hulingana kweli, lakini sasa mifuko mingi imefunguliwa badala ya michache, mifuko ya ndani imetobolewa, na hasara iliyokuwa ya msafirishaji au mwuzaji imehamishiwa kwa wanachama bila wao kujua.

Ukubwa wa hasara

Kilo chache huonekana si kitu. Lakini fikiria mwanachama mwenye eka moja ya mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, shina moja kila shimo. Eka hiyo ina mashina 18,000 hivi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 ukigawanywa sawasawa, kila shina hupata gramu 2.8 hivi. Mfuko ukipungua kilo 6, mashina zaidi ya 2,100 hayatapata chochote. Mwanachama hataona upungufu huo siku anapochukua mfuko; atauona mahindi yake yanapogeuka manjano upande mmoja wa shamba, wakati dukani mbolea imekwisha na msimu wa kukuzia umepita.

Mathalani chama kimepokea mifuko 600, na mifuko 24 kati yake imechanika na kupungua kilo 5 kila mmoja. Jumla ni kilo 120, yaani zaidi ya mifuko miwili. Hasara hiyo ikiandikwa saa ya kupokea, kuna wa kuidai. Isipoandikwa, wanachama 24 watailipa, na watakaoipata ni wale walioshika foleni mwisho.

Usalama wa watu na mifugo

Mbolea ya CAN hutengenezwa kwa nitreti ya amonia iliyochanganywa na unga wa chokaa, na mchanganyiko huo hupunguza sana hatari yake. Nitreti ya amonia yenyewe yaweza kulipuka. Tarehe 16 Aprili 1947, shehena ya nitreti ya amonia ililipuka katika meli bandarini Texas City, Marekani, ikaua watu mamia. Na tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 hivi zilizoachwa kwa miaka katika ghala la bandari ya Beirut, Lebanoni, zililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Ghala la chama halina mzigo wa namna hiyo, lakini funzo lake ni moja: mbolea yenye nitreti isikae pamoja na mafuta ya dizeli, petroli, vumbi la mbao, nyasi kavu wala makaratasi, na moto wa aina yoyote usiwashwe ghalani. Mafuta yaliyomwagika karibu na mbolea yasikaushwe kwa vumbi la mbao. Yakaushwe kwa mchanga na kuondolewa. Moto ukitokea, uzimwe kwa maji mengi, milango ifunguliwe, na watu wakae upande upepo unakotoka, kwa maana moshi wake ni sumu.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya mifugo. Ng'ombe na mbuzi hupenda chumvi, nao huramba mbolea iliyomwagika mlangoni pa ghala au maji yaliyoichukua. Urea nyingi tumboni mwa ng'ombe hugeuka amonia na kumwua kwa muda wa saa chache. Mlango wa ghala ufagiliwe kila baada ya kugawa mbolea, na maji ya kuoshea sakafu yasielekezwe kisimani wala kijitoni. Mifuko mitupu isitiwe mahindi, unga wala chumvi ya kula.

Wajibu wa kila mmoja

Mtunza ghala akague mirundo angalau mara moja kwa juma, na baada ya kila mvua kubwa, na aandike alichokiona katika kitabu cha ghala. Meneja alinganishe kadi za mirundo na kitabu kila mwisho wa mwezi, kwa kuhesabu mifuko yenyewe. Bodi iteue mjumbe mmoja wa kushuhudia upokeaji wa mizigo na ufungaji upya wa mifuko, na taarifa ya upungufu isomwe katika mkutano wa wanachama kama inavyosomwa taarifa ya fedha. Mwanachama naye anayo haki ya kuomba mfuko wake upimwe kabla hajauchukua, na asionekane mkorofi kwa kuitumia haki hiyo.

Kazi zote hizi hazihitaji mtambo wala fedha nyingi. Zahitaji mizani iliyo sahihi, chaga chache, turubai, sindano na uzi, kalamu, na mtu asiyeona haya kuandika kwamba mfuko ulifika umechanika. Chama kinachoandika hasara yake mapema hupata nafasi ya kuidai. Kinachoificha hukuta imekwisha kuingia katika shamba la mwanachama, mahali ambapo hakuna hati itakayoirudisha.